Mzee wa Koleo

Wapendwa, palikuwa na mzee mmoja, fundi wa kuhasi ng'ombe. Ukiwa na dume msumbufu unamwita, anakuja na koleo lake, na baada ya muda una maksai mtulivu wa kuvuta jembe. "Usimhurumie," alikuwa akimwambia mwenye ng'ombe. "Huyu atakulimia miaka mingi."

Jirani yake akapata saratani ya tezi dume, akaanza kuchomwa sindano za kuzuia homoni za kiume. Akawa anatokwa jasho kanisani wakati wenzake wamevaa makoti, na matiti yakamvimba kama ya mwanamke. Nani alimpa jina la Maksai? Mzee wetu huyu. Kijiji kizima kikalidaka.

Miaka miwili baadaye mzee mwenyewe akashindwa kukojoa. Daktari akamwambia, "Baba, ni saratani ya tezi dume, na imeshafika kwenye mifupa. Homoni za kiume ndizo zinazoilisha. Sindano itainyima chakula. Haitaimaliza, lakini inaweza kukupa miaka."

"Na uanaume wangu?"

"Hamu itapungua. Sikufichi."

"Basi bakini na sindano yenu."

Mkewe alilia njia nzima. Walipofika nyumbani akamwonyesha zizi. "Mzee wangu, hawa maksai wako wana aibu gani? Si ndio wanaotulisha?"

"Wewe hujui watakavyoniita," akasema, akaingia ndani.

Mwaka haukuisha. Alikufa kwa maumivu ambayo sitawasimulia hapa. Jeneza lake lilivutwa kwa mkokoteni na maksai wale wale aliowahasi kwa mkono wake. Na aliyetangulia mbele ameshika kamba, jasho likimtiririka, mzima kabisa, alikuwa yule jirani.

Nani alimuua mzee huyu? Msinijibu saratani. Saratani ilikuwa na kizuizi chake, na aliletewa mpaka mkononi. Aliogopa kicheko, kwa sababu alikifahamu. Alikianzisha yeye.

Mnadhani ni habari za kijiji kingine? Asubuhi hii, hapo mlangoni, ndugu mmoja amepita akijifuta jasho kwa leso. Mtu akamwita jina kama lile. Tukacheka. Hata mimi mchungaji wenu nimecheka, na naona aibu kusimama hapa.

Humu ndani yupo baba mwingine aliyetusikia. Kesho ana miadi hospitali, na hajamwambia mtu ila mimi. Sisi tuliocheka, tunadhani ataenda?