Alama Nyekundu na Jina la Mtoto

Sogeeni karibu. Leo nimewaletea kesi, na mahakimu ni ninyi.

Katika hospitali moja ya milimani walikuwapo mafundi kompyuta watatu. Zulfa alikuwa na jicho: picha ikikaa upande ukutani, hatulii mpaka aseme. Nsia alikuwa na kumbukumbu: alichokifanya mwaka juzi atakutajia na siku yake. Tusekile alikuwa na mkono mtulivu: wenzake wakihaha, yeye anauliza chai iko wapi.

Kazi yao ilikuwa kuitunza seva kuu, kompyuta iliyoziongoza nyingine, waliyoiita Msimamizi. Chini yake zilikuwapo seva kumi na nne: ya dawa, ya maabara, ya benki ya damu na nyinginezo. Moja ikianguka, Msimamizi ndiye huiinua. Yeye mwenyewe akiugua, huweka tahadhari kwenye skrini, ya njano kwanza, kisha nyekundu.

Sasa, mafundi hawa walikuwa na desturi. Anayemaliza zamu humkabidhi mwenzake skrini safi, kama anavyokabidhi jiko lililofagiwa. Basi kila tahadhari ilibonyezwa "nimeiona", ikatoweka. Adabu hiyo! Siku kumi na tisa walifutiana njano, na hakuna aliyeuliza inatoka wapi.

Siku ya ishirini, saa nne asubuhi, seva ya benki ya damu ikaanguka, na Msimamizi akagoma kuiinua. Wodini, Anyisile alikuwa amejifungua binti na damu haikatiki. Mtu wa maabara akapiga simu.

"Mifuko ya damu ipo, dada zangu, lakini ipi imepimwa ikawa salama imeandikwa humo kwenye seva. Nitoe upi?"

Kwenye skrini palikuwa na alama nyekundu. Nsia, kwa mazoea, akanyoosha kidole aifute. Zulfa akamshika mkono.

"Usifute, dada. Leo tuisome."

Wakaisoma: diski ya Msimamizi imejaa, ndiyo maana amegoma. Bila Zulfa wangeshinda wakikagua nyaya.

Lakini imejaa nini? Nsia akasema, "Ni mimi. Mwezi uliopita nilipokuwa natafuta hitilafu, nilimwamuru Msimamizi aandike kila kinachopita. Nikasahau kuiondoa amri hiyo. Yote yamo kwenye folda moja, naijua." Aibu ilimjaa usoni. Bila yeye wangeitafuta folda hiyo mpaka jioni.

Kufuta nako kulikuwa na hatari yake. Ukikosea herufi moja tu, unafuta orodha ya seva zote kumi na nne. Zulfa hakuthubutu, na Nsia hakujiamini tena. Tusekile akaandika amri, akaisoma mara tatu, akabonyeza. Msimamizi akaamka, akaiinua seva ya damu.

Damu ikafika wodini. Anyisile akapona.

Siku ya tatu akawaita, fomu ya kuandikisha mtoto iko mapajani.

"Nimesimuliwa yote. Binti yangu ataitwa jina la aliyeniokoa. Kwetu mtoto ana somo mmoja tu."

"Mimi nilibonyeza," akasema Tusekile, "lakini bila hawa ningebonyeza nini?"

"Mimi niliona siku ya ishirini," akasema Zulfa. "Na zile kumi na tisa je?"

Nsia aliinamisha kichwa. "Mimi nisiandikwe, mama. Ni mimi niliyeijaza."

"Ungeweza kunyamaza," Anyisile akamjibu, "nami nisingekuwa hapa."

Kalamu anayo mkononi, na mtoto analia, hana jina bado. Je, ungekuwa wewe mama yake, ungeandika jina la nani?