Viatu Mlangoni kwa Fisi

Hapo zamani za kale, watoto wangu, enzi wanyama wote walipovaa viatu, si kama nyie mnaozunguka pekupeku mpaka mama zenu wanakauka sauti, palikuwa na Pimbi. Alikuwa mdogo hivi, na mdomo wake hautulii. Alikuwa mpishi nyumbani kwa Mzee Tembo.

Chumvi ya jikoni aliileta Fisi kila wiki, nyeupe pee! Tembo aliilamba, akasema, "Safi! Lete tena." Hakuuliza la pili.

Lakini Pimbi alikuwa na la kuuliza. Dada yake, Siwema, alikwenda kuchimba chumvi kwa Fisi, akaahidi kurudi mtama ukiiva. Mtama ukaiva, ukaliwa, ukapandwa tena. Siwema haonekani.

"Bwana Fisi, dada yangu hajambo?"

"Hajambo sana! Amenenepa huyo! Hiii-hi-hi! Mwenyewe hataki kurudi."

Pimbi hakukipenda kile kicheko. Akafunga makubadhi yake, akamfuata Fisi nyuma nyuma mpaka machimboni. Lo! Pale pote pamezungukwa na mbigili, miiba mitupu! Akapenya, akajibanza nyuma ya lundo la chumvi. Na ni nani yule ameinama pale? Siwema, amekonda, miguu imepasukapasuka.

"Dada! Twende nyumbani!"

"Shh! Niende na nini? Siku tuliyofika alitupokea vizuri. 'Karibuni, vueni viatu, muingie mle.' Tukavua mlangoni, si ndiyo adabu? Tulipotoka, viatu hakuna! Amevifungia stoo. Nilijaribu kutoroka pekupeku, sikufika hata nusu ya hiyo miiba."

Pimbi akavua makubadhi yake palepale. "Vaa vyangu."

Siwema akawatazama wenzake thelathini, sungura na fuko na nungunungu, wote wanachimba. "Na hawa je? Na wewe utatokaje? Rudi, mdogo wangu." Akalia. Pimbi naye akalia. Kisha akafuta machozi, akavaa tena makubadhi, akarudi mbio kwa Tembo.

"Mzee, shikamoo! Chumvi yako inachimbwa na watumwa!"

"Watumwa? Kwangu mimi?" Tembo akachukia. "Kila mwaka namtuma Kiboko akakague. Anawauliza, 'Mna shida?' Wanajibu, 'Hatuna!'"

"Wakiulizwa, Fisi yuko wapi?"

"Si yuko hapohapo! Ndiye mwenyeji."

"Na anajua Kiboko anakuja lini?"

"Tunampa habari wiki mbili kabla, ili apike."

"Mzee Tembo!"

Tembo akatikisa masikio, fwap, fwap. Akaanza kuona aibu. "Sasa tufanyeje?"

"Kesho uje mwenyewe. Ukifika, tazama viatu, kisha tazama miguu. Mengine niachie mimi."

Kesho yake Pimbi akatangulia kwa Fisi, anahema kweli kweli. "Bwana Fisi! Mzee anakuja sasa hivi! Anamtafuta wa kumletea chumvi ya nchi nzima!"

"Mimi! Mimi!" Udenda ukamtoka Fisi, chururu.

"Weee, taratibu. Yule haingii nyumba isiyo na viatu mlangoni. Anasema penye viatu vingi pana watu walioshiba. Juzi kwa Ngiri alikuta jozi mbili tu, akageuka akaenda zake."

"Jozi mbili! Hiii-hi-hi! Mimi ninazo thelathini na zaidi!"

Akakimbilia stoo, kufuli kacha! Akavitoa viatu, puu! puu! puu!, akavipanga mlangoni jozi kwa jozi. Hata kuvifuta hakuvifuta, kwa haraka aliyokuwa nayo. Akavua na vyake, akaviweka mbele kabisa, akawapanga wafanyakazi wake mstari mmoja.

Tindi! Tindi! Tembo huyo!

"Karibu, Mzee! Tazama viatu vya watu wangu!"

Tembo akainua kiatu kimoja kwa mkonga. Akapuliza, fuuu! Vumbi likaruka, na buibui akadondoka. Akaitazama ile miguu iliyopasuka, mmoja mmoja, mstari mzima.

"Fisi, hiki hakijavaliwa mwaka mzima. Mwenyewe anatembea na nini?"

Fisi akainama aanze kukusanya viatu.

"Jamani!" Pimbi akapiga kelele. "Kila mtu na viatu vyake! Vaeni!"

Hapo ndipo palipochangamka! Wengine walivaa cha kushoto kulia, fuko mmoja akavaa vya Fisi, na wote wakakata mbigili, kwacha kwacha kwacha, huku wanacheka na kulia. Fisi akawarukia. Kumbe yu pekupeku!

"Uwii! Uwii! Nisaidieni!"

Nani amsaidie? Tembo akamwambia, "Chumvi yako sitaki kuiona tena." Kisha akawageukia wale wengine, sauti imemshuka. "Miaka yote nimesifu weupe tu. Nisameheni." Tangu siku hiyo akanunua chumvi kwa wachimbaji wa hiari, akawa anakwenda machimboni mwenyewe, bila hodi ya wiki mbili, anakaa chini na wachimbaji peke yao.

Jioni ile Siwema alikaa jikoni kwa Pimbi, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, makubadhi yake yako pembeni anayaona. Akashusha pumzi ndefu, haaa!

"Dada, mchuzi nitie chumvi?"

"Tia," Siwema akacheka, "ila uniambie kwanza kaichimba nani."

Basi, watoto wangu: ukisifu kitu ulicholetewa, muulizie na aliyekitolea jasho, tena muulize mwenyewe, bosi wake akiwa hayupo.