Mashahidi wa Chumu Makombo

Hapo zamani, enzi ambazo ng'ombe wa Sultani alilala pazuri kuliko ninavyolala mimi leo, palikuwa na fukara mmoja katika mji wa Shakani, aitwaye Chumu Makombo. Mali yake yote ilikuwa ng'ombe mmoja wa pembe moja, Siti, na maziwa ya Siti ndiyo yaliyowalisha mkewe na wanawe.

Basi ikawa Dhahabu, ng'ombe mpenzi wa Sultani, ameshikwa na homa, na masikio yake yamejaa kupe kama vichala vya zabibu. Sultani akaghadhibika. Waziri wake, Mwinyi Kai, akasema, "Bwana wangu, malisho yako yana boma la miiba, humo hamna kupe. Kupe hawa wametoka kwa ng'ombe wa Chumu, alishwaye nje ya boma."

Chumu akaletwa barazani.

"Ng'ombe wako atachinjwa jioni hii," akasema Sultani.

"Bwana wangu, kupe wale ni wenyeji wa humo humo bomani mwako."

"Haya, niletee mashahidi! Lakini nawataka waliozaliwa na kukulia ndani ya boma langu, wala wasiwe ng'ombe wangu."

Baraza zima likaangua kicheko.

"Nitawaleta," akasema Chumu, "ila ni wanyonge, bwana wangu, wanaogopa watu. Niazime joho lako."

Maana ilikuwa desturi ya Shakani kwamba shahidi mnyonge huja barazani ameshika joho la Sultani, na hapana amdhuruye mpaka aondoke kwa hiari yake. Sultani akalivua joho lake la sufu, akamwamuru Waziri amfuate Chumu, asije akafanya hila.

Chumu akaingia bomani, akalishika joho kwa ncha, akaliburura juu ya majani huku na huko kama aliyerukwa na akili. Waziri akacheka hata kilemba kikamdondoka. Hakujua kwamba kupe hukaa nchani mwa majani, miguu ameinyoosha kama mwomba sadaka, akimngoja apitaye.

Waliporudi, Sultani akauliza, "Wako wapi?"

"Wamo johoni, bwana wangu."

"Mwendawazimu wewe!" Sultani akalinyakua joho, akajitupia mabegani. Punde akajikuna shingo. Akajikuna kwapa. Kisha akaruka kitini.

"Nini hiki?"

"Mashahidi, bwana wangu. Nimewatoa bomani mwako. Muulize Waziri."

"Ni kweli, bwana wangu, hakukanyaga nje ya boma," akasema Mwinyi Kai, naye akijikuna.

"Wameingiaje na miiba yote ile?"

"Swala huruka, panya hupenya, na kila mmoja ana abiria wake. Abiria wakishashiba huanguka, wakataga mayai papo hapo. Miiba haimzuii mgeni mdogo."

"Waueni!"

Askari wakatazamana. "Bwana wetu, wamelishika joho."

Sultani akajikuna mgongo. "Basi nimeshindwa. Siti asiguswe! Ushahidi umekwisha, Chumu, waambie watu wako waende zao."

"Hawakawii, bwana wangu. Wakishiba huondoka wenyewe. Siku chache tu."

Hapo Sultani akacheka hata machozi yakamtoka, akakimbilia hamamuni akivua nguo njiani, na sauti yake ikasikika nyuma ya mlango: "Mpeni Chumu ndama wa Dhahabu! Na tangu leo, atakayeleta mashahidi kwangu, awalete wenye miguu miwili!"