Kiboko Mwenye Funguo za Stoo

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini? Pakawa hospitali, na foleni, na Kiboko kakaa mlangoni! We wa nyuma, acha kutafuna muwa, nasimulia!

Basi, Kiboko alikuwa mkubwa wa hospitali ya wanyama. Mpasuaji alikuwa Korongo, lakini vyombo vyote vilifungiwa stoo, na funguo alizivaa Kiboko shingoni. Chombo hakitoki mpaka mgonjwa atoe tikiti maji. Chombo kimoja, tikiti moja.

Korongo akiita, "Mkasi!" Kiboko huyo, du! du! du! mpaka stoo. Anakula tikiti, mwacha-mwacha-mwacha. Anarudi, du! du! du!

"Sindano!"

Du! du! du! Mwacha-mwacha-mwacha. Du! du! du!

"Uzi!"

Hivyo hivyo! Mpaka jua la utosi, kapasuliwa mgonjwa mmoja. Wengine wanarudishwa nyumbani.

Mke wa Kindi alirudishwa siku tatu na kidole tumbo chake. Siku ya tatu Korongo akamminya tumbo, akamnong'oneza Kindi, "Ndugu yangu, kesho ikipita, hiki kitapasuka, naye atakufa."

Kindi akalia. Akalia sana. Kisha akafuta machozi kwa mkia, akamwendea Kiboko.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Tikiti liko wapi?"

"Bwana Mkubwa, nimekuhesabia hatua. Elfu mbili kwa mgonjwa mmoja! Mtu mzito kama wewe, unakimbizwa kama tarishi! Huoni unaonewa?"

Kiboko akajihurumia mpaka midomo ikamtetemeka. "Naonewa kweli!"

"Matikiti ya wagonjwa wote yaletwe alfajiri, yajazwe stoo. Wewe ule umekaa."

"Nimekaa! Lo! Na vyombo?"

"Vikibaki humo, matikiti yataingia wapi?"

Alfajiri Kiboko akavirusha nje mwenyewe. Kwaa! mikasi. Kwaa! sindano. Kindi akadaka, akaosha, akachemsha, akavipanga karibu na Korongo: cha kwanza mbele, cha mwisho nyuma. Mgonjwa huyu akitoka, sakafu inapigwa deki na mwingine yuko tayari mlangoni.

"Mkasi!" Huu hapa.

"Sindano!" Hii hapa.

"Uzi!" Huu hapa.

Mke wa Kindi akawa wa tatu. Akashonwa, akaamka, akaomba uji. Kufika adhuhuri, wamepasuliwa kumi na wawili na foleni imekwisha.

Humo stoo, Kiboko akala matikiti akashiba. Akajaribu kutoka, tumbo likanasa mlangoni.

"We Kindi! Nani anasimamia kazi huko?"

"Hakuna."

"Nani kashika nafasi yangu?"

"Hakuna, Bwana Mkubwa. Tumeitafuta hiyo nafasi, hatujaiona."

Funzo, wanangu: waheshimuni wakubwa wenye funguo, maana bila wao kazi haiendi. Nani anacheka?

Ngano yangu ndiyo hiyo. Ikiwa tamu, lambeni wote. Ikiwa chungu, mtemeeni aliyewatuma kuniomba.