Goti la Korongo

Paukwa! Nanyi mwitike: Pakawa! Pakawa ziwa, likalala kimya kama kioo.

Hapo kale, siku ya kupima maji, waliohudhuria ni hawa. Alikuwapo Nyati, jina lake Songoro, mfalme wa ng'ambo ya magharibi. Alikuwapo Kiboko, jina lake Tindo, mfalme wa ng'ambo ya mashariki. Alikuwapo Bi Mwanamize, mama yake Tindo, kizee asiyeweza tena kutembea nchi kavu. Alikuwapo Fisi, jina lake Kirungu, mjumbe wa pande zote mbili. Na katikati ya ziwa, juu ya jiwe, alisimama Korongo, jina lake Bi Somoe. Si korongo wa mashambani, ni yule mrefu wa majini.

Ada ilikuwa hivi. Maji yakimpita Korongo goti, kila mtu anywe na kuoga apendavyo. Yakiwa chini ya goti, nchi zote mbili zinywe kwa zamu. Wafalme hawakuaminiana, lakini mguu ule waliuamini.

Mwaka ule maji yalikuwa chini ya goti. Bi Somoe alilijua hilo tangu alfajiri, ukungu ukimzunguka kama usingizi. Kirungu naye alilijua, na alijua pia kwamba ziwa likikauka, mizoga ni yake.

Akamjia. "Bi Somoe, piga goti kidogo tu. Nitakuletea kambale."

"Sipigi."

Akarudi. "Piga goti, au nitayala mayai yako."

"Sipigi."

Akarudi mara ya tatu, sauti laini kama manyoya. "Bibi wee, wakisikia maji ni haba, kila mmoja atasema mwenzake kayanywa. Watauana. Piga goti, uokoe watu."

Neno lile likamlevya Bi Somoe kama harufu ya yungiyungi. Polepole, akapiga goti.

Maji yakapanda hadi pajani. Wafalme wakashangilia.

Bi Mwanamize, aliyekuwa amelala chini ya maji, akainua pua. "Shoga, mbona umekunja goti? Ni uzee?"

"Nyamaza, shoga yangu. Ni kwa ajili ya amani."

"Haya. Lakini maneno hayanyweki."

Wakanywa, wakaoga, wakacheza ngoma mbalamwezini. Mawingu yakapita juu kama kundi la kondoo weupe, yasitue. Ziwa likawa dimbwi, dimbwi likawa tope.

"Umeyanywa wewe!" akanguruma Songoro.

"Mimi? Tazama tumbo lako, pipa wee!" akajibu Tindo.

Kirungu akakaa kando, akilamba midomo.

Ndipo Bi Somoe aliposimama kati yao, mguu umenyooka. "Hakuna aliyeyaiba. Mvua haikunyesha, nami nilipiga goti kwa ushawishi wa Kirungu. Maji yaliyobaki yananifika hapa, kwenye vidole."

Wafalme wakainamisha vichwa. "Basi tuambie, nani anywe?"

"Mimi nasema maji yako wapi. Nani anywe na nani angoje, hayo ni yenu."

Wakaketi, wakapatana. Tope lile wakaliachia watoto, walio na nguvu wakaufuata mto wa mbali, nyati na viboko njia moja. Kirungu wakamfukuza.

Ngano hii yatufunza: anayepima asikunje goti, hata kwa ajili ya amani, na anayetawala asingoje ziwa likauke ndipo aulize.

Naiacha hapa ukingoni. Utamu wake mnywe nyote, uchungu niachieni mimi.

Na Bi Mwanamize, aliyeshindwa kwenda mtoni, alikufa.