Silaha za Chini ya Turubai

Hapo zamani za kale, tena si kale sana, msiniangalie hivyo, wanyama walikuwa na jeshi. Kila nyumba ilitoa nusu ya mavuno yake ili Nguchiro, Waziri wa Ulinzi, anunue silaha za kuwazuia fisi. Kanyama kenyewe kadogo hivi, mdomo mrefu hivi!

Siku ya gwaride silaha zikapita kwenye mikokoteni. Krii! Krii! Zote zimefunikwa turubai.

Mama Paa, aliyeishi ukingoni mwa msitu na mwanawe wa pekee, akapaza sauti: "Mheshimiwa, funua tuone! Mwanangu analala njaa kwa ajili ya hivyo vitu."

"Aa-aa! Top secret, mama!" Nguchiro akarukia mkokoteni, tup! "Unataka kuona ukamwambie nani?"

"Nimwambie nani? Mimi fisi ndio majirani zangu!"

"Mmemsikia? Majirani zake!"

Umati ukamzomea: "Uuuu! Msaliti!"

Tembo, mkaguzi wa matumizi ya serikali, akakohoa. "Waziri, mimi nichungulie kidogo tu?"

"Chungulia, Mzee. Ila siri ikivuja, tunaanza na wewe."

Tembo akarudisha mkonga wake, fyuu! "Basi nimeridhika. Ripoti ni safi."

Jenerali Kifaru akaipigia mikokoteni saluti, twaa! "Mama, kaa chini. Unatuaibisha mbele ya wageni."

Haikupita wiki, fisi wakaja. Mchana kweupe, bila hata kunyata.

"Silaha! Leteni silaha!" Kifaru akapiga mayowe. Turubai zikavutwa, fwaaa! Magogo. Tena ya mpapai, hata kuni hayafai.

Fisi wakacheka mpaka wakakaa chini. Walipoinuka, wakaondoka na mtoto wa Paa.

"Nguchiro!" Tembo akafoka. "Nusu ya mavuno yetu, magogo?"

Nguchiro hata hakukimbia. "Si ripoti ilikuwa safi, Mzee? Ama uliidanganya nchi?"

Tembo akajifunika uso kwa masikio.

"Na Jenerali, si uliyapigia saluti?"

Kifaru akatazama kwato zake.

"Basi my people, tatizo ni bajeti ndogo. Wanaounga mkono robo tatu ya mavuno?"

Tembo akainua mkonga. Kifaru akainua pembe. Wengine wakafuata, kila mmoja akimwangalia mwenzake.

Mama Paa hakuwepo. Alikuwa kule ukingoni, akinusa nyasi alizolalia mwanawe.

"Wanaopinga?" akauliza Nguchiro. "Hakuna. Asanteni."

Funzo, watoto, ni moja: mkaguzi anayeogopa kukagua ni mwizi sawasawa na aliyeiba.