Mchagua wa Kuona

"Mchagua wa kuona ndiye mchagua wa kuumia." Mmeisikia leo, sasa mnauliza imetoka wapi. Basi tulieni, na hizo simu zilazeni kifudifudi kidogo, hazitakufa.

Hapo Muheza palikuwa na mwanamke aitwaye Mwantumu, mke wa Shekue. Mimba mbili zilikuwa zimemharibikia. Ya tatu ilipoleta mtoto wa kike mwenye nywele tele, furaha ilimzidi kifua. Kwao mtoto haonyeshwi kabla ya arobaini, lakini moyo wa mama nao una haraka zake. Akampiga picha, akaiweka kwenye stetasi ya simu yake, kisha akapitia majina kuchagua nani aone. Wote aliwaruhusu isipokuwa mmoja: wifi yake Mwanahawa, ambaye hakujaliwa kuzaa.

Aliogopa kijicho. Alijua vema kwamba wifi huyo ndiye aliyempikia uji wa pilipili manga miezi yote aliyolala kitandani na mimba ile, lakini hofu haina shukrani. Na kila Mwanahawa alipokuja kumtazama mzazi, aliambiwa mtoto kalala, kafunikwa.

Siku moja akaja na kikapu cha unga, akakaa jamvini, mbali na kitanda.

"Wifi, kumbe mwanetu ana nywele," alisema.

Mwantumu alishtuka. "Umemwona wapi?"

"Sokoni. Muuza nyanya kanionyesha kwenye simu yake, akidhani nimeshaona."

"Nilikuwa nafuata mila tu, wifi yangu."

"Mila ingewaficha wote. Wewe umenificha mimi."

Mwantumu akakosa pa kuuweka uso. Jioni ile aliifuta picha.

Arobaini ikafika. Desturi yao ni kwamba shangazi ndiye humtoa mtoto nje, na Mwantumu alimweka binti mikononi mwa Mwanahawa yeye mwenyewe, akitumaini yamekwisha. Vigelegele vikapigwa. Mwanahawa akambeba mtoto vizuri, akamzungusha nyumba, akamrudisha mlangoni. Njia nzima uso wake ulielekea pembeni.

"Mtazame basi, wifi," Mwantumu akamsihi. "Ni wako."

"Namwogopea," Mwanahawa akajibu kwa upole. "Asije akaugua kesho, ikasemwa ni macho yangu."

Mwantumu akalia mbele za watu, na vigelegele vikakatika. Picha aliweza kuifuta, lakini uso wa wifi yake hakujua augeuze vipi. Wanawake wakarudi makwao wakisemezana njiani, na neno lao ndilo hili tulilonalo mpaka leo: mchagua wa kuona ndiye mchagua wa kuumia.